Askari wa Zamani Wasio na Makao: Wanavyosaidiana Wao kwa Wao



Katika mikutano ya vikundi, hapa Nyalenda na hata kule vijijini, kuna jambo ambalo hutokea karibu kila mara tunapofika kwenye "mengineyo". Mtu husimama na kusema: "Kuna mzee fulani, alikuwa jeshi. Sasa hana nyumba, hana mke, analala kwa veranda ya duka. Kikundi kitamsaidia namna gani, na yeye hachangi kitu?" Hapo watu hugawanyika. Wengine husema tumnunulie unga. Wengine husema huyo alikula pesa zake akiwa kijana, wacha ajionee. Mwisho saa zinakwisha, sala ya kufunga inasomwa, na mzee anabaki pale pale kwa veranda.

Leo nataka tuanze na swali lingine, ambalo sijasikia likiulizwa katika mkutano wowote. Huyo mzee amefikaje leo akiwa hai? Sisi hatukumpa chakula jana, wala juzi. Serikali haikumpa. Jamaa zake wako mbali. Basi nani alimlisha? Ukifuatilia kwa makini utakuta kwamba mara nyingi aliyemlisha ni mwingine kama yeye, mtu asiye na mlango wa kufunga usiku. Hawa watu wana njia yao ya kusaidiana, ina utaratibu wake, na vikundi vyetu vyenye katiba na mihuri vinaweza kufundishwa na njia hiyo. Pia vinaweza kuiharibu kwa haraka.

NENO "ASKARI" LIMETOKA MBALI

Hapa mjini tunasema askari wa jeshi, askari polisi, askari kanjo, na pia yule mzee mwenye koti refu na rungu anayelinda duka usiku, wachimani. Wote ni askari. Kuna historia ndani ya neno hilo, na bila kuijua hatuwezi kuelewa kwa nini mtu aliyevaa sare ya serikali anaishia kulala nje.

Wazee wetu wa pande za ziwa wengi waliingia vitani wakiwa wapagazi. Katika vita vya kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza walichukua wanaume kubeba mizigo ya jeshi, na watu wa Nyanza walichukuliwa kwa wingi sana. Bwana John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza akikaa hapa Kisumu, ndiye aliyepewa mwaka 1917 kazi ya kukusanya watu zaidi. Inakadiriwa kwamba katika Afrika Mashariki na Kati wapagazi wa Waingereza walifika karibu milioni moja, na waliokufa hawapungui 95,000. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Jina la Carrier Corps ndilo lililozaa Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wajane wao, kwa sababu serikali ilisema haiwezi kuwatambua jamaa. Hata majina ya wengi hayakuandikwa. Ilikuwa Aprili 2021, zaidi ya miaka mia baadaye, ndipo tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu.

Vita vya pili vilipokuja, Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshini, wengi katika King's African Rifles, ile tuliyoiita Keya. Walipigana Ethiopia, wakapelekwa Burma, ambako mwaka 1944 divisheni ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa. Kumalizika vita wakapewa malipo ya kuagana. Malipo hayo yalipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu wa cheo cha chini aliweza kupata karibu mara tatu ya Mwafrika wa cheo hicho hicho. Wazungu waliotoka vitani walipangiwa mashamba katika nyanda za juu, baada ya vita vya kwanza na tena baada ya vita vya pili. Mwafrika alirudi na koti, na pesa kidogo ambazo wengi walizitia katika duka au posho mili ya ushirika. Nyingine zilisimama, nyingi zilianguka.

Wazee wa Burma sasa wamebaki wachache mno. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kwa miaka mitano, ili askari wa zamani na wajane kama 7,000 katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate angalau milo miwili kwa siku. Hebu fikiria: kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa na miaka 91 wakati huo. Alingoja muda huo wote ili apate mlo wa pili.

Tunaowaona leo mitaani ni wa baadaye. Wako walioingia Jeshi la Kenya baada ya Uhuru na kuondoka kabla ya kutimiza miaka ya pensheni, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa makosa ya nidhamu. Wako walioguswa na mambo ya Jumapili ile ya tarehe 1 Agosti 1982. Baada ya jaribio la kupindua serikali, Jeshi la Anga lilivunjwa, mamia walifungwa, na wengi wakaachishwa kazi, hata ambao hawakushika bunduki siku hiyo. Kijana aliyekuwa fundi wa ndege alirudi nyumbani bila cheti cha kumpatia kazi nyingine, na majirani waliogopa hata kumsalimu barabarani. Baadhi yao walikwenda mahakamani miaka mingi baadaye wakapewa fidia. Wengine hawakuwa na nauli ya kwenda kumwona wakili.

Wenye kulala nje si askari wa zamani peke yao. Hesabu ya watu wa mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima, na kati yao 2,746 walikuwa Kisumu. Ni watu wa kila namna, na wazee wa jeshi ni sehemu ndogo. Lakini ndio wanaosumbua dhamiri zetu zaidi, nafikiri kwa sababu tunawakumbuka wakija likizo na viatu vinavyong'aa.

MTU ANAPOTEZAJE NYUMBANI?

Wasomaji wasio Wajaluo wanivumilie kidogo. Kwetu kijana huanza na simba yake ndani ya boma la baba. Baadaye anatakiwa kutoka na kuanzisha dala yake mwenyewe. Kuna taratibu za siku hiyo: baba au mzee wa ukoo awepo, mke awepo, mtoto wa kiume wa kwanza abebe shoka, kuwe na jogoo na moto. Sasa mtu aliyekaa kambini Lanet au Gilgil miaka kumi, mke amechoka akaenda kwao, mtoto wa kiume hana, baba amekufa, huyo atatokaje? Anaahirisha. Mwaka unakuwa miaka. Watoto wa ndugu wanakua, wanalima kile kipande chake, na kila akirudi anaona amekuwa mgeni. Kwa aibu anakaa Nyalenda, kwa chumba cha kupanga. Kazi ya ulinzi ikikatika chumba kinafungwa kufuli na mwenye nyumba, na vyombo vinabaki ndani. Kutoka hapo hadi veranda ni usiku mmoja.

Ulevi upo, sikatai. Lakini nikiwasikiliza hawa wazee wakieleza maisha yao hatua kwa hatua, mara nyingi chang'aa ilikuja baada ya kufuli.

UTARATIBU WA USIKU

Sasa tuangalie wanavyoishi. Ninayoeleza hapa ni mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona akipita kati ya steji na soko la Kibuye, au huku kwetu karibu na Ring Road, baada ya saa mbili usiku, mradi apite bila haraka.

Salamu yao ya kwanza ni "Umekula?" Nayo ni swali la kweli linalongoja jibu. Aliyebahatika kubeba mizigo sokoni au kufagia mbele ya hoteli atatoa alichopata. Mara nyingi watanunua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya nyama kukatwa kwa ajili ya kupelekwa ng'ambo. Huchemshwa katika mkebe, na supu yake inatosha watu wanne ikiwa hakuna mwenye pupa. Hapo nimeona desturi moja inayonipendeza sana: anayegawa ndiye anayechukua mwisho. Hakuna mtu aliyeiandika mahali. Lakini jaribuni kufikiria kama viongozi wa vikundi vyetu wangefuata sheria hiyo wakati wa kugawa mbegu za msaada.

Mahali pa kulala pia hugawanywa. Karibu na jiko la mama wa mandazi ukuta hubaki na joto mpaka usiku wa manane. Anayekohoa ndiye anayepewa ukuta ule. Akipata nafuu anasogea. Wakati wa mvua, maji ya mto Auji yakifurika huku chini, wanaolala pakavu hupunguza nafasi zao ili wengine waingie, na kuna usiku ambapo watu wanakaa wima mpaka asubuhi kwa sababu hakuna nafasi ya wote kunyoosha miguu.

Halafu kuna jambo la karatasi. Mtu asiye na nyumba hupoteza kitambulisho haraka: mvua, wizi, msako wa kanjo. Basi kundi huchagua mmoja anayeaminika, naye hukusanya vipande vya wote pamoja na zile barua za kutolewa jeshini, anazifunga katika karatasi ya nailoni, na kumwomba mama wa kibanda au fundi wa nguo azihifadhi. Mzee mmoja alinieleza kwamba kwa miaka mingi alihifadhi barua ya mwenzake aliyekwisha kufa, "kwa sababu mtoto wake anaweza kuja kuuliza."

Mwenzao akiugua humpeleka hospitali kubwa, Jaramogi Oginga Odinga, ambayo sisi bado tunaiita Russia. Kama mnavyojua, mgonjwa wodini anahitaji mtu wa kumletea uji, kumfulia, kwenda kutafuta dawa. Jamaa hawapo. Basi mmoja wao anaosha uso, anaazima shati safi, anakwenda kila siku saa ya kuona wagonjwa na kusema yeye ni ndugu yake. Kitaratibu si kweli. Mimi sioni kwamba ni uongo.

Na watoto. Wavulana wa mitaani hupigwa usiku, na wakubwa wenye tabia mbaya huwafanyia mambo ambayo sitayaandika hapa. Mahali penye wazee wa jeshi wavulana hulala katikati na wazee pembeni, jinsi doria inavyolala msituni. Asubuhi mzee humwambia kijana mdogo aende Pandpieri, ambako kazi na watoto wa mitaani imefanywa kwa miaka mingi. Mtoto atamsikia mzee huyo kuliko atakavyonisikia mimi mwenye faili mkononi.

KWA NINI WASIO NA KITU HUTOA?

Watu wengi wakisikia habari hizi hufurahi, wakasema "maskini wana moyo safi," kisha wakaendelea na mambo yao. Jibu hilo ni rahisi mno. Ukarimu huu una sababu zake, na sababu hizo ndizo zinazoweza kutusaidia.

Ya kwanza ni mafunzo. Jeshini mtu hufundishwa kula na wenzake, kulala na wenzake, na kuhesabiwa nao. Kila asubuhi na jioni majina huitwa. Tabia hiyo haitoki hata sare ikitoka. Wazee hawa wakiamka huhesabiana. Mmoja asipoonekana siku nzima anatafutwa, hata polisi na mochwari. Niambieni, katika kijiji chako mjane anayeishi peke yake akikaa siku mbili bila kutokeza nje, ni nani atakayegundua?

Ya pili ni kwamba asiye na nyumba hana ghala. Ukiwa na nyoyo sufuria moja na huna kabati wala mlango, chakula hicho kikilala kitachacha au kitaibwa. Mahali salama pa kukiweka ni tumboni mwa rafiki. Leo amekula kwako, kesho utakula kwake. Hiyo ni akiba kama ile ya nyoluoro yetu ya akina mama, isipokuwa haina kitabu wala zamu iliyopangwa: zamu ni ya mwenye njaa. Na deni halilazimiki kulipwa na yule yule aliyelikopa. Aliyesaidiwa na Otieno atamsaidia Wafula, na mzunguko unaendelea.

Ya tatu naiona kubwa kuliko zote. Mtu aliyezoea kuamriwa ondoka hapa, nyamaza, ngoja nje, anapogawa supu yake anakuwa mtu mzima tena. Anayepokea siku zote hubaki kama mtoto. Kwa hiyo mzee anayetoa nusu ya mkate wake anashibisha tumbo la mwenzake na papo hapo anarudisha heshima yake mwenyewe. Tukienda kwake tumebeba gunia la unga, tukamzuia kutoa chochote, tunamwondolea hata hicho kidogo.

Sisi Wakatoliki tuna mtakatifu wa jambo hili. Martino alikuwa askari wa jeshi la Kirumi. Siku ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens huko Ufaransa, alikutana na maskini aliye uchi. Hakuwa na pesa. Akachukua upanga akakata joho lake vipande viwili, nusu akampa yule maskini, nusu akabaki nayo. Askari wenzake wengine walimcheka kwa vile alivyoonekana. Baadaye alikuwa askofu wa Tours, na sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba, siku ile ile ambayo mwaka 1918 mizinga ilinyamaza Ulaya. (Huku kwetu habari zilichelewa, Wajerumani wakaweka silaha chini tarehe 25 Novemba, na wapagazi walikuwa bado wanabeba.) Mahubiri mengi husifu kwamba Martino alitoa. Mimi huwa naangalia kwamba alibaki na nusu. Usiku ule wote wawili walikuwa na nguo, na wote wawili bado walihisi baridi.

SI MALAIKA

Nisiwadanganye. Katika makundi haya kuna wizi, kuna ngumi, na yanayogawanywa ni pamoja na chang'aa na gundi. Wanawake wasio na makao mara nyingi hawapati ulinzi ninaouelezea hapa, na wengine huogopa veranda hizo hizo. Pia kugawana kuna shida yake ya ndani. Mzee akipata kibarua cha mwezi mzima na kutaka kuweka akiba ili apange chumba, wenzake watakuja, kwa sababu aliwala jana. Akikataa anaitwa mchoyo. Akikubali, hatatoka mitaani kamwe. Wako waliokwama hapo miaka mingi. Ndiyo maana huwezi kusema tu kwamba wanasaidiana vizuri, basi tuwaache. Wanaweza kumfikisha mtu asubuhi. Kumfikisha nyumbani kunahitaji mkono kutoka nje ya kundi.

Marekani walikuta jambo hilo hilo. Huko nchi ni tajiri, lakini mwaka 2010 waliohesabiwa usiku mmoja wakiwa askari wa zamani wasio na makao walikuwa zaidi ya 74,000. Mwaka 1988, mjini San Diego, askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam waliamua kuwatafuta wenzao waliokuwa wakilala nje. Walipiga mahema uwanjani kwa siku chache, kama kambi ya mapumziko nyuma ya mstari wa vita, wakaleta chakula, vinyozi, madaktari, wanasheria, watu wa vitambulisho. Waliowapokea wageni langoni walikuwa askari wa zamani pia, kwa hiyo mtu hakuhitaji kujieleza sana. Desturi hiyo ilienea miji mingi. Serikali yao nayo ilitoa pesa za nyumba, na hesabu ya 2024 ilikuwa imeshuka hadi kama 33,000. Bado ni wengi. Lakini angalieni mpangilio wa kazi: wenzake walimtafuta na kumpokea, wataalamu wakaja na huduma, na serikali ikaleta nyumba.

VIKUNDI VYETU VIFANYE NINI?

Nianze na lisilopendeza. Vikundi vingi vina kifungu katika katiba yao kinachosema mwanachama awe "mkazi mwenye boma" au awe na wadhamini wawili wenye mali. Kifungu hicho kiliwekwa kwa nia njema, ili watu wasitoroke na mikopo. Lakini kinamfungia nje mtu huyu tunayemzungumzia. Sheria ya kusajili vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi na katiba yake. Habari ya boma tumeiweka sisi wenyewe, na mkutano mkuu unaweza kuibadilisha. Kikundi kinaweza kuwa na uanachama wa kazi: asiye na shilingi anachangia siku zake. Wazee wetu walijua mambo haya. Saga na rika hazikuuliza mtu ana pesa ngapi. Ziliuliza kama atakuja na jembe asubuhi.

Na kazi zipo. Kulinda bustani ya kikundi au kisima usiku. Kuzibua mitaro kabla ya mvua ndefu. Kushika daftari la mahudhurio: hakuna mtu atakayewaheshimu saa kama sajini wa zamani, kina mama wanaochelewa wajiandae. Akilipwa, hata kidogo, awekewe nusu katika akiba ya kikundi kwa jina lake, na wenzake wajue kwamba pesa hiyo imefungwa. Hapo ana la kujibu wanapokuja kuomba: "Iko kwa kikundi." Nusu nyingine ataigawa atakavyo, na msimwulize.

Jambo la pili ni kipande. Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii hutoa Sh 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70. Asiye na kitambulisho hawezi kuandikishwa. Aliyepoteza kitambulisho anahitaji chifu amtambue, na chifu wa hapa mjini hamjui, wa nyumbani amemsahau. Hapo ndipo barua ya kikundi yenye muhuri na watu wawili wanaokwenda naye kwa chifu inakuwa na thamani kuliko gunia la unga. Mpango wenyewe wakati mwingine huchelewesha malipo, na uandikishaji haufanyiki kila siku, kwa hiyo ulizeni mapema katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Aliyetumikia jeshi apeleke pia barua yake ya kutolewa. Wako ambao hawajui hata kama wana haki yoyote, na wengine wanaogopa kuuliza tangu 1982. Chama cha askari wa zamani, DEFOCA, kinaweza kuwaelekeza.

La tatu ni nyumbani. Msimpeleke mtu kijijini kwa nguvu kwa kumlipia nauli tu. Atarudi wiki ijayo. Kikundi cha kijijini kikutane kwanza na ndugu zake, na ikiwezekana wazee wa ukoo, juu ya kile kipande cha ardhi na taratibu za dala. Nimeona ukoo ukikubali kumjengea mtu nyumba ndogo ya mabati kando ya boma la ndugu yake, ili aanzie hapo. Na nimewasikia wengine wakisema watamjengea akifa. Ndiyo, tuna desturi ya kumwekea nyumba ya haraka mwanaume aliyekufa bila nyumba, ili azikwe vizuri. Matanga yakija, pesa hupatikana, mahema hupatikana, gari la kubeba mwili hupatikana. Mabati kumi yale yale yangeweza kununuliwa miaka mitatu mapema. Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wasomaji. Niandikieni.

Na mwisho, mnapokwenda kuwaona, msipange watu mstari kwa ajili ya kupigwa picha na unga. Nendeni wawili au watatu, jioni. Mkikaribishwa supu, kaeni, mnywe. Aliyekataa supu yao ya mgongo wazi kwa sababu ya harufu hatasikilizwa akianza kuzungumza habari ya vitambulisho.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Katika eneo letu ni nani waliowahi kutumikia jeshi na sasa hawana makao? Tunawajua kwa majina, au kwa majina ya utani tu? Nani huwalisha sasa, na je, tumewahi kuongea na huyo anayewalisha? Katiba yetu inasema nini kuhusu mtu asiye na boma, na nani ataleta pendekezo la kuibadilisha kwenye mkutano mkuu ujao? Katika mwaka uliopita tulichanga kiasi gani kwa matanga, na kiasi gani kwa wagonjwa na wazee walio hai? Mweka hazina alete daftari.